Kaa wamepotea, konokono wamejaa: plastiki ndiyo mchawi?

"Shikamoo mtaalamu. Nalima mboga chini ya Njiro hapa Arusha, na maji nayapata kwa mfereji unaotoka Mto Themi. Nina pia bwawa dogo la perege, kama hatua kumi na tano kwa nane. Nilipoolewa hapa mwaka 2003, ukiinua jiwe lolote mferejini unakuta kaa. Sasa miaka kama mitano siwaoni, ila konokono wamejaa mpaka wanapanda kingo za bwawa. Mwanangu aliyeko chuo alichota maji kwenye chupa akanionyesha vipande vyeupe vinavyoelea, akasema hiyo ni plastiki iliyosagika na ndiyo imeua kaa. Baba yao akabisha. Akaenda juu huko kwenye chemchemi akakamata kaa wawili, akawatia kwenye ndoo ya maji yale yale pamoja na vile vipande. Siku ya nne wako hai, wanagombana. Akasema, mmeona, plastiki haina neno. Nani yuko sahihi? Na je, niendelee kuingiza maji haya bwawani, na samaki tule?"

Marahaba, mama. Nimecheka nilipofika kwa wale kaa wa kwenye ndoo, na si kwa dharau. Baba watoto amefanya jambo lile lile ambalo maabara nyingi zimelifanya kwa miaka: chukua mnyama mzima, mtie kwenye maji yenye plastiki, ngoja siku chache, hesabu waliokufa. Na jibu alilolipata ndilo wanalolipata wengi. Hakufa mtu. Kosa haliko kwenye ndoo, liko kwenye muda.

Nikuambie mapema ninavyoona, halafu nieleze. Kwa dalili ulizoandika, sidhani kama kaa wako wameuawa na plastiki. Nina mshukiwa mwingine, nitamtaja. Lakini plastiki hiyo hiyo si ya kupuuzwa, kwa sababu madhara yake hayaji kwa siku nne wala kwa mwezi. Kijana amemkamata asiyehusika, mzee naye amefunga kesi mapema mno.

Tuanze na vipande vyenyewe. Maikroplastiki ni kipande chochote cha plastiki kisichozidi milimita 5. Jina hilo lilienea baada ya mwaka 2004, pale Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, na wenzake walipoandika kuhusu vipande walivyovikuta kwenye mchanga wa fukwe na katika maji ya bahari. Vile ulivyoonyeshwa kwenye chupa, maadamu unaviona kwa macho, ni mababu. Jua na msuguano wa mawe huwasaga wakazaa wajukuu wa sehemu ya kumi ya milimita, nao wakazaa vitukuu ambao hata ukiinua glasi ya maji juani huwaoni. Hao wadogo ndio wanaoingia matumboni mwa viumbe wa mferejini. Ongeza na nyuzi za nguo, ambazo watu huzisahau. Watafiti wa Plymouth mwaka 2016 walikadiria kwamba kilo 6 za nguo za akriliki, uzi wa plastiki wa masweta, zikifuliwa kwa mashine mara moja zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Sisi wengi wetu tunafua kwa mkono, lakini sweta la mitumba ni lile lile, na maji ya sabuni yanamwagwa njia ile ile.

Sasa ndoo. Kuna kijidudu kiitwacho Daphnia, mimi humwita kiroboto-maji kwa jinsi anavyorukaruka. Ni jamaa wa mbali wa kaa, mkubwa wao ana milimita 5 hivi, na mwili wake unapitisha mwanga kama kioo. Ukimweka chini ya lenzi unauona utumbo wake, mstari uliopinda, wa kijani akiwa amekula mwani. Mtilie punje za plastiki nyekundu majini, na haipiti saa nyingi mstari ule unageuka mwekundu. Anakula kwa kuchuja: miguu yake hupiga maji bila kupumzika, kinachonaswa kinasukumwa mdomoni. Hachambui tonge moja moja kama wewe unavyochambua mchele.

Huyu ndiye anayetumika sana duniani kupima sumu za majini. Kipimo kifupi ni cha saa 48: bado anaogelea, au amelala chini? Ukimtilia dawa ya wadudu, jibu unalipata kabla hujamaliza chai. Ukimtilia plastiki, mara nyingi baada ya saa 48 anaogelea kama kawaida. Ndiyo ndoo ya baba watoto hiyo. Ila kuna kipimo kirefu, cha siku 21, ambacho hakiishii kuuliza kama yu hai. Kinahesabu amezaa wangapi, na hapo ndipo habari hubadilika.

Fikiria mtoto anayelishwa uji uliochanganywa na maranda ya mbao. Tumbo limejaa, halii njaa, anacheza. Ukimtazama kwa siku nne utasema mzima. Mwangalie baada ya mwaka. Mwili wa mnyama una bajeti kama nyumba yako: kwanza kuishi, pili kukua, mwisho kuzaa. Chakula kikipungua ubora, cha kwanza kukatwa ni kuzaa. Punje za plastiki zinachukua nafasi tumboni pasipo kuleta lishe, na nyingine, hasa nyuzi ndefu, zinakawia utumboni kuliko tope la kawaida. Basi mnyama haonekani mgonjwa. Anakuwa mdogo kidogo kuliko mwenzake, anachelewa kukomaa, anataga mayai machache. Lava, yaani watoto, wa vijimbu visivyouma, wale wanaoishi kwenye matope, katika majaribio kadhaa wamekua polepole wakachelewa kugeuka kuwa wadudu kamili. Kuchelewa tu, utasema, kuna nini? Kwenye mfereji unaokauka Septemba, lava aliyechelewa wiki mbili hana mahali pa kumalizia.

Mwaka 2018 watafiti wa Ureno waliwaweka viroboto-maji kwenye maji yenye punje ndogo sana za plastiki, kisha watoto wao wakahamishiwa maji safi. Ungetegemea mambo yarudi sawa. Yalirudi kiasi. Hadi kizazi cha nne, vitukuu ambao wenyewe hawakuwahi kukaa kwenye maji yenye plastiki walikuwa bado wanakua kidogo na kuzaa kidogo. Wale walioachwa kwenye plastiki mfululizo walitoweka kabisa, kizazi cha pili hakikuendelea. Ukitaka sababu ya mimi kutoikubali ndoo ya siku nne, ni hiyo.

Jaribio ninalolipenda zaidi, hata hivyo, halikufanyika kwenye glasi. Huko Uholanzi watafiti walichukua trei za matope, wakachanganya plastiki kwa viwango mbalimbali, kuanzia asilimia 0.005 hadi asilimia 5 ya uzito wa tope kavu, wakaziweka ndani ya mtaro wa nje na kuziacha wanyama wahamie wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Baada ya miezi 3 walipozitoa trei na kuhesabu, hakukuwa na tofauti ya kuitolea jasho. Baada ya miezi 15, kwenye tope lenye plastiki nyingi kabisa, idadi ya wanyama ilikuwa imeshuka, na walioshuka hasa ni minyoo midogo ya matope ya ukoo wa Naididae, jamaa wa nyungunyungu. Tope lile lile, plastiki ile ile. Aliyekwenda kutazama mwezi wa tatu angeandika ripoti ya "hakuna madhara", na angekuwa hajadanganya.

Minyoo hiyo hakuna atakayeililia, najua. Lakini ndiyo inayolima tope la chini, ikipitisha hewa na kuvunja majani yaliyooza, na ndiyo chakula cha samaki wachanga.

Haki iko pande zote, kwa hiyo nikupe na upande wa pili. Asilimia 5 ni nyingi mno. Ni gramu 50 ndani ya kila kilo ya tope kavu, karibu uzito wa yai la kuku. Tope la mito mingi halikaribii huko, ingawa kwenye mdomo wa mfereji wa maji taka au chini ya dampo mambo yanaweza kuwa mengine. Pia si kila mnyama anaumia. Kuna konokono wadogo wa New Zealand ambao watafiti wa Ujerumani waliwalisha chakula ambacho hadi asilimia 70 yake ilikuwa plastiki, na hawakuona athari ya maana katika ukuaji wala uzazi wao. Konokono hukwangua mawe maisha yake yote, anameza mchanga na changarawe kila siku. Utumbo wake umezoea mizigo isiyo na faida. Habari ya "plastiki inaua viumbe vyote vya majini" ni ya kutishia watu, na ikigundulika si kweli inawafanya wasisikilize hata lililo kweli.

Jambo la tatu ambalo mwanao huenda ameambiwa chuoni: kwamba plastiki ni kama sifongo, inafyonza dawa za mashambani na kuzipeleka tumboni mwa wanyama. Inafyonza, ni kweli. Ila kwenye mto wenye tope na majani yaliyooza kama Themi, dawa hizo zimeshikwa zaidi na tope na majani yenyewe kwa sababu ndiyo mengi, na mnyama anazimeza kwa chakula chake cha kila siku. Plastiki inaongeza kidogo juu ya mlima ambao tayari upo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kemikali zilizotiwa kiwandani ndani ya plastiki yenyewe, za kuilainisha au kuikinga na jua. Jaribio moja la Ujerumani la mwaka 2020 lilitenganisha mambo haya vizuri. Kwa PVC, ile ya mabomba, kilichopunguza uzazi wa viroboto-maji zaidi kilikuwa kemikali zinazotoka ndani yake. Kwa plastiki nyingine mbili, moja ikiwa ile inayouzwa kwa jina la kuoza na kutengenezwa kwa mimea, kilichodhuru ni punje zenyewe. Na udongo mweupe wa kaolini, uliowekwa kama kipimo cha kulinganisha, haukupunguza uzazi. Kwa hiyo yule anayesema "hata tope ni punje tu" amekosa kidogo, na anayeuza vikombe vya "plastiki rafiki" naye nina maneno naye, lakini tuyaache.

Turudi kwa kaa.

Umeniandikia kitu cha thamani pengine bila kujua: kaa wameisha, konokono wamezidi. Hiyo ni kama saini ya yule mshukiwa wangu: dawa ya wadudu. Dawa nyingi za kuua wadudu, hasa zile za jamii ya pairethroidi zinazopuliziwa nyanya na vitunguu na zinazotumika kuogeshea ng'ombe, zimetengenezwa kuvuruga mishipa ya fahamu ya wadudu. Kaa si mdudu, lakini ni ndugu yao wa ukoo, mwenye gamba na miguu yenye viungo, na zinamuua kwa kiasi kidogo cha kushangaza. Konokono si wa ukoo huo, hazimpati sana. Aliyekuwa akimla amekufa, na wadudu waliokuwa wakigombania naye mwani wamekufa. Mbolea na maji ya vyoo yanayotiririka kutoka juu yanastawisha mwani huo. Wengi wa konokono wa mifereji yetu tena wana kama pafu, wanapanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo hata maji yakikosa oksijeni wao wanaendelea. Lazima wajae.

Nimeliona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye mfereji mmoja huko Arumeru, asubuhi, nikihesabu kaa kwa ajili ya kazi yangu. Juu yangu kama mita mia mbili, kijana mmoja amemaliza kupulizia nyanya, akaja kuoshea bomba lake mferejini. Niliona maji yanakuja meupe kama yaliyotiwa maziwa, yakapita, yakaisha. Dakika mbili labda. Kabla ya saa sita mchana kaa walianza kutoka majini, wakapanda ukingoni, wakalala chali miguu ikitetemeka. Nilikuwa nimeandika 31 kwenye daftari asubuhi. Jioni sikuona hata mmoja aliye hai kwenye kipande kile, na miezi minane baadaye walikuwa bado hawajarudi. Yule kijana hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia. Plastiki haiui hivyo. Ikiwa kaa wa mferejini kwako walitoweka ndani ya msimu mmoja, mtafute mwenye bomba. Kama walipungua mwaka hadi mwaka, inaweza kuwa mambo kadhaa pamoja: maji kupungua kiangazi, sabuni, vyoo, dawa kidogo kidogo, na plastiki ikiwa mojawapo wa waliobeba mzigo nyuma.

Unaweza kujipimia mwenyewe. Chukua chujio la jikoni na beseni jeupe. Nenda sehemu tatu: juu ya mashamba, kwenye banio lako, pale mnapoziba maji yaingie mferejini, na unapoingilia bwawani. Kila sehemu inua mawe kumi, yasugue kwa mkono huku chujio liko upande maji yanakoelekea, umwage kwenye beseni, utulie dakika moja. Utaona vijidudu vinaanza kutembea. Tafuta wadudu bapa wenye mikia mitatu na vitu kama manyoya pembeni mwa tumbo. Tafuta watoto wa kereng'ende, na wale wanaojijengea vijumba vya mchanga na vijiti wakavivaa kama joho. Kama wapo juu na kwako hawapo, kuna kitu kinaingia katikati. Kama kwako kuna minyoo myekundu na konokono tu, maji yanakosa oksijeni, shaka yangu itakuwa maji taka. Si mchezo wa watoto huu: nchi ina mfumo wake wa kupima afya ya mito kwa wanyama hawa, unaitwa TARISS, uliotoholewa kutoka ule wa Afrika Kusini, na unaanza hivyo hivyo, kwa kuinua mawe.

Na ukimpata mwenye kijumba, mwangalie kwa karibu kabla hujamrudisha. Hao wajenzi huokota chochote kilicho na ukubwa unaowafaa. Huko Ujerumani watafiti walikuta vijumba vyao vimejengwa kwa mchanga na plastiki, na walipowapa plastiki nyingi maabara, vijumba vilikuwa dhaifu kuliko vya mchanga mtupu. Jumba la makumbusho la Leiden, Uholanzi, lilipofungua masanduku yake ya zamani lilikuta kijumba cha mwaka 1971 chenye vipande vya plastiki. Jamaa wa uduvi aitwaye Gammarus ameonekana Ayalandi akisaga vipande hivi tumboni na kuvitoa vikiwa vidogo zaidi, ndani ya siku nne tu. Na lava wa mbu akimeza punje ndogo, baadhi hubaki ndani yake hadi anapoota mabawa, akaruka nazo. Wanyama hawa hawapokei tu. Wanaisaga, wanaijengea na kuihamisha, kwa hiyo usidhani kilichomo mferejini kitabaki mferejini.

Sasa naomba nikuulize wewe: banio la mfereji wenu limejengwa kwa kitu gani?

Nauliza kwa sababu mwanao alisema vipande ni vyeupe na vinaelea. Chupa ya maji ikisagika, vipande vyake huzama. Bomba la PVC pia huzama. Vinavyoelea ni plastiki nyepesi: vifuniko, ndoo, mifuko laini, na salfeti. Mifuko laini ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tangu hapo imepungua machoni, lakini salfeti za mchele na mbolea hazikuguswa, na kwenye mabanio mengi niliyopita kuanzia Tengeru hadi Mbuguni, wakulima wanaziba maji kwa salfeti zilizojazwa mchanga. Zikikaa juani msimu mmoja au miwili, ukizigusa zinabaki mkononi kama maganda. Chukua kipande kimoja cha kwenye ile chupa, kivute kwa kucha. Kama ni utepe bapa wa milimita mbili tatu unaopasuka kwa urefu kama uzi wa mgomba, mama, hiyo haikutoka mjini. Imetoka kwenye banio lenu.

Hapo ndipo penye faida kubwa kwa nguvu ndogo. Zungumza na kamati ya mfereji muondoe salfeti kabla hazijaanza kumeguka, muweke mawe na udongo wa mfinyanzi, au mchangie saruji mjenge lango dogo. Magunia ya katani yanafaa kwa muda. Yanaoza, lakini yakioza ni chakula cha wale wale wanyama. Mkizitoa salfeti msizichome pale pale ukingoni. Zipakieni ziende na taka nyingine. Na lile la kuosha mabomba lisemwe kwenye mkutano huo huo: maji ya kuoshea yamwagwe shambani palipopuliziwa, mbali na mfereji. Hili la pili ndilo litakalorudisha kaa.

Bwawani, chimba shimo la kutuliza maji kabla ya mlango wa kuingilia, kama meta moja kwa meta mbili, maji yapite polepole. Vizito vitazama na tope, na vinavyoelea utavizuia kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili na kufungwa kwenye fremu ya mti. Chandarua chenyewe ni plastiki, najua, kwa hiyo kikianza kuchanika kibadilishe. Sitakudanganya kwamba hii itazuia nyuzi na vile vitukuu. Haitazuia. Itapunguza mali ghafi kabla haijasagikia bwawani, ambako jua ni kali na maji yamesimama. Tope unalolizoa usilirudishe kwenye matuta yaliyo juu ya mfereji, mvua italileta tena.

Kuhusu kula samaki: kule Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta plastiki ndani ya matumbo ya asilimia 20 ya sato, na asilimia 20 ya sangara, waliotoka Ziwa Victoria. Zingatia neno matumbo. Perege unampasua, unatupa utumbo na matamvua, unaosha. Sehemu kubwa ya vinavyoonekana imeondoka hapo. Mimi ningekula, na wanangu ningewapa. Ninachokukataza ni kumlisha kuku au kambale yale matumbo, maana hapo umeyarudisha mezani kwa mlango wa nyuma. Samaki wa kuogopa ni yule aliyekufa ghafla pamoja na wenzake baada ya maji kuingia. Huyo asiliwe na mtu wala mbwa, na mlango wa bwawa ufungwe.

Siku ukiona kufa kwa pamoja namna hiyo, samaki au kaa, usingoje barua kama hii. Piga simu kwa afisa uvuvi au afisa ugani wa kata siku ile ile, na taarifa ifike Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, maana Themi unamwaga Kikuletwa, na Kikuletwa unakwenda Nyumba ya Mungu, kuna watu huko chini. Dawa za wadudu hupotea kwenye maji haraka. Kesho yake ushahidi umeshapita.

Halafu kuna jambo hukuliuliza, na kwangu ni zito kuliko plastiki. Konokono wakijaa mferejini wanaweza kuwa wale wanaobeba kichocho. Kama watoto wanaogelea humo au wewe unasimama majini bila viatu vya mpira, na kuna mtu nyumbani ameona damu kwenye mkojo au kinyesi, au ana tumbo lisiloisha, nendeni zahanati mpimwe. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli. Msinywe bila kupimwa uzito, kwa sababu dozi inafuata kilo.

Ukitaka kujua hasa ni plastiki gani na ni kiasi gani, hiyo macho hayawezi. Inahitaji maabara yenye chombo cha kusoma aina ya plastiki kwa mwanga, na mwanao akiwa chuoni ana mahali pa kuanzia kuuliza. Hapo Tengeru pia kuna Taasisi ya Nelson Mandela, ambako maji ni sehemu ya kazi yao. Mwambie achukue maji na tope kutoka zile sehemu tatu, kila moja aiandikie tarehe na mahali, kisha arudie baada ya masika na tena kiangazi, mwaka mzima na kitu. Avae shati la pamba siku hiyo, si sweta la nailoni. Na asibebe sampuli kwenye chupa ya maji ya dukani kama alivyofanya mara ya kwanza. Chupa ya jamu iliyooshwa vizuri, yenye mfuniko wa bati, inatosha.